Kombi Kuukuu ya Kulala Hapa Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila nikiegesha Kombi yangu, basi dogo la Volkswagen, iwe Mama Ngina au nje ya soko la Kongowea, hazipiti dakika kumi kabla mtu hajanijia na swali. Wengine wanazikumbuka zile za watalii za utotoni mwao. Wengine wanayo yao, imelala nyuma ya nyumba tangu mzee alipofariki, na hawajui waiuze kwa wanunuzi wa vyuma au waiamshe. Nimekusanya hapa yale ninayoulizwa zaidi. Yangu ni ya mwaka 1974, usukani kulia, injini ya sisi 1600, paa la kuinuka. Nimeishi nayo pwani muda wa kutosha kujua kwamba hapa kinachoua gari kwanza ni hewa ya bahari. Injini hufuata mbali nyuma. Majibu mengi hapa chini yanarudi palepale.

Gari la kulala ni lipi, na kwa nini wengi huishia kwenye Kombi?

Ni gari ambalo ndani yake mna kitanda, jiko, maji na kabati, ukaweza kulala njiani bila kutafuta gesti. Linaweza kuwa Land Rover, Bedford au basi dogo lolote. Kombi ndiyo iliyoenea. Mholanzi Ben Pon alilichora wazo lake mwaka 1947, Volkswagen wakaanza kuitengeneza 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ikaanza kuuza makabati na vitanda vya kuingia ndani yake. Huku kwetu kiwanda cha Thika kiliwahi kuziunganisha miaka ya 1970, na hoteli za pwani zilizitumia kupeleka watalii Tsavo. Ndiyo maana hadi leo utampata Mombasa mzee anayeijua injini hii kwa kuisikiliza tu. Brazil waliendelea kuitengeneza Kombi hadi mwisho wa 2013, kwa hiyo spea bado zipo.

Nikienda kuangalia moja ya kununua, nitazame nini?

Mwache muuzaji aiwashe na aisifie injini. Wewe tandika gunia ulale chini. Injini ya Kombi fundi mzoefu anaishusha asubuhi na kuirudisha jioni, lakini bodi iliyooza itakula miaka yako.

Mimi mwenyewe niliingia mkenge. Rangi ilikuwa inang'aa kama sahani ya harusi, nikalipa bila kuinama. Masika yalipoingia, miguu ya mke wangu ikalowa akiwa ameketi kiti cha mbele. Tulipoinua zulia tukakuta bati limebaki kama wavu, na tundu kubwa limezibwa kwa magazeti yaliyopakwa fila, ile lipu ya bodi, kisha rangi nyeusi. Kazi ile ya kuchomelea ilinigharimu zaidi ya nilivyotumia kwa injini miaka yote iliyofuata.

Kwa hiyo nenda na sumaku ndogo ya friji, uifunge kitambaa ili isikwaruze rangi, uipitishe polepole kwenye bodi nzima. Mahali inapoachia pana fila chini yake. Pitisha hasa kwenye kingo zilizo chini ya milango, juu ya matairi, kwenye reli ya mlango wa kuteleza, na kuzunguka mpira wa kioo cha mbele. Ule mfereji wa maji wa ukingoni mwa paa uuchunguze kwa jicho na ukucha. Kisha uombe ruhusa kuchoma kwa bisibisi mahali pa kuwekea jeki, chini ya betri, na sakafu ya mbele. Muuzaji mkweli hatakataa. Akikataa, kunywa chai yake, mshukuru, uondoke.

Paa la kuinuka ulifungue na kulifunga mwenyewe mara tatu. Bawaba zake zikiwa zimeshikwa na kutu, kila unapolazimisha unapasua paa lenyewe.

Nambari ya chesisi inasomwaje?

Kwa Kombi za miaka ya 1970 zenye nambari za Ujerumani, tarakimu ni 10. Mbili za kwanza zinaeleza aina: 21 ni gari la mizigo lisilo na madirisha ya nyuma, 22 ni basi dogo, 23 ni Kombi, na nyingi za kulala zimo humo. Tarakimu ya tatu ni mwaka wa modeli, na ya nne ni 2 kwa miaka hiyo. Nambari inayoanza 2342 basi ni Kombi ya modeli ya 1974. Kumbuka mwaka wa modeli wa Volkswagen ulianza Agosti ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo usimwite mtu mwongo kwa tofauti ya miezi michache. Linganisha nambari hiyo na iliyo kwenye logbuku, kisha linganisha nambari ya injini pia. Injini nyingi zimebadilishwa njiani bila mtu kuwaarifu NTSA, mamlaka ya usafiri, na wewe ndiye utakayehangaika siku ya kuhamisha umiliki.

Naweza kuagiza moja kutoka Ulaya?

Gari lililotumika haliingizwi Kenya likishapita umri wa miaka 8, na usukani wa kushoto una vikwazo vyake. Tafuta iliyo tayari nchini. Msafiri wa kigeni akikutaka umnunulie gari lake aliloingia nalo kwa kaneti, usimpe hata shilingi kabla mambo ya forodha hayajamalizika. Kaneti ni ahadi kwamba gari litatoka nchini. Lisipotoka, ushuru unadaiwa.

Naishi Nyali, bahari naisikia kitandani. Gari litadumu kweli?

Litadumu ukiliogesha. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo swali kubwa kuliko yote.

Si lazima maji ya bahari yaliguse gari. Chumvi inasafiri na upepo, inatua juu ya bati na ndani ya kila upenyo, kisha unyevu wa usiku unaiyeyusha. Na chumvi huvuta maji kutoka hewani, kwa hiyo bati lenye chumvi halikauki sawasawa hata siku ya jua kali. Wakati wa kusi mawimbi yanapopiga mwamba, mvuke ule unafika mbali kuliko unavyofikiri. Jirani yangu anaishi mitaa mitatu kutoka ufuoni na madirisha yake ya chuma yanamwambia hivyo kila mwaka.

Dawa ni maji matamu kila wiki, na uanze chini. Ingiza mpira wa maji ndani ya vifuniko vya matairi, kwenye fremu, nyuma ya bampa. Watu wengi wanaosha kinachoonekana, wanaacha kinachooza. Halafu kuna mtego wa Mombasa wenyewe: maji ya visima vingi hapa yana chumvi. Nimemwona mtu akiosha gari lake kila alfajiri kwa bidii ya kuigwa, kwa maji ya kisima, na kutu inazidi kila mwezi. Onja maji kabla ya kuyatumia. Mimi navuna ya mvua kwenye tangi la lita 1,000 na hayo ndiyo ya gari. Mke wangu ameshazoea.

Baada ya kuosha, zibua matundu ya kutoa maji yaliyo chini ya milango na kwenye kingo za chini. Tumia waya mwembamba. Majani ya mwarobaini na mchanga huyaziba, maji yanakaa ndani ya mlango kama kwenye sufuria. Mara moja kwa mwaka, kiangazi cha Januari au Februari bati likiwa kavu kabisa, nyunyizia nta ya majimaji ndani ya mapango ya bodi kwa bomba refu jembamba. Mafundi wetu wana desturi ya kupuliza oili chafu chini ya gari. Nawaheshimu, lakini hili sikubaliani nalo. Oili iliyotumika ina asidi na vumbi la vyuma, inalainisha mipira ya breki na bushi, na inadondoka kwenye ardhi ambayo visima vyetu vinanywea.

Mahali pa kuliweka: banda la makuti lililo wazi pande zote halina mfano. Kivuli kipo na upepo unapita. Turubai la nailoni lililobana gari linafungia jasho ndani, na nimeona rangi ikivimba malengelenge kwa msimu mmoja tu. Na usiegeshe chini ya mnazi, hata dakika tano.

Doa la kutu lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi tano leo ni kazi ya jioni moja: sugua hadi bati jeupe, paka premia ya zinki, kisha rangi. Ukiacha kaskazi na kusi zipite juu yake, utamwita fundi wa kuchomelea.

Mombasa joto, na Kombi haina rejeta. Haitachemka?

Haina maji ya kuchemka. Injini hii inapozwa na upepo wa feni na oili yake, na ilitembea jangwani kabla sisi hatujazaliwa. Inaharibika joto likikutana na uzembe.

Kwanza kabisa, tazama mpira unaozunguka injini, ule unaoziba nafasi kati ya injini na bodi. Kazi yake ni kutenga hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini. Ukikatika au ukikosekana, feni inavuta moto uleule iliokwisha kuutoa, na injini inajipika yenyewe. Kombi nyingi nilizozikagua hapa mjini hazina mpira huo. Fundi aliona hauna kazi, akautupa. Vilevile yale mabati yanayoizunguka injini: kila moja linaelekeza upepo mahali pake, hakuna la urembo. Kwenye injini kongwe zaidi kipoza oili kinaziba upepo wa silinda ya 3, ndiyo maana hiyo huwahi kufa kuliko nyingine, na ndiyo ya kwanza kuonewa bati likikosekana.

Pili, mkanda wa feni. Mkanda mmoja unazungusha feni na dainamo pamoja. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka barabarani, usijiambie ni betri, nitaangalia nikifika. Inaweza kuwa mkanda umekatika na injini haipati upepo hata kidogo. Simama hapohapo. Mkanda wa akiba na spana ya 21 visitoke garini mwako.

Tatu, oili. Injini ya 1600 inachukua lita 2.5 tu na haina filta ya oili, ina chujio la waya pekee. Oili kidogo namna hiyo, kwenye joto hili, inachoka haraka. Kitabu husema kila kilomita 5,000; mimi hapa pwani nabadilisha kila 4,000, na natumia 20W-50. Siku hiyohiyo narekebisha nafasi ya valvu, milimita 0.15, injini ikiwa imelala usiku kucha. Injini ikiwa na joto, usiguse. Mzee aliyenifundisha, aliyetengeneza Kombi za hoteli enzi zake, aliniambia, "Mwanangu, valvu ikipiga kelele kidogo mshukuru Mungu, ikinyamaza ndiyo uogope." Alikuwa sahihi: valvu iliyobana haifungi vizuri, haipati pa kumwaga joto, inaungua.

Na uendeshaji wako. Farasi 50 hivi wanavuta nyumba nzima. Mlima wa kutoka Jomvu kwenda Mazeras uupande kwa gia ya tatu injini ikizunguka vizuri, usiikabe kwa gia ya nne ili uonekane unakimbia. Malori yatakupita, nawe utafika. Kwenye barabara iliyonyooka, 80 zinatosha.

Ikizimika kwenye foleni ya Changamwe saa nane mchana, ikakataa kuwaka mpaka ipoe, huenda petroli imechemka ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kabureta. Kitambaa kilichoroweshwa maji juu ya pampu ya mafuta kitakutoa hapo. Tiba ya kudumu ni kuliondoa bomba karibu na sehemu za moto na kulivika kinga.

Petroli ya leo haina risasi. Haitaharibu injini ya zamani?

Kwa Kombi hapana. Viti vya valvu vyake ni vya chuma kigumu kilichopachikwa kwenye hedi ya aluminiamu. Kenya iliacha petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006 na Kombi hazikufa. Wenye magari ya Kiingereza ya zamani yenye hedi ya chuma cha kuyeyusha ndio wanaopaswa kukagua valvu zao mara kwa mara.

Nasikia Kombi huungua. Ni kweli?

Ni kweli, na sababu yake ni ya bei ndogo mno: mpira wa petroli. Injini iko nyuma, tangi la petroli liko papo hapo mbele yake, na mpira uliokauka kwa joto ukipasuka, petroli inadondokea kwenye distribyuta au kwenye ekzosi. Badilisha mipira yote ya petroli kila baada ya miaka miwili, hata kama inaonekana mizuri, na ifunge kwa klipu za skrubu. Usisahau ule mfupi unaotoka kwenye tangi, ambao hauonekani mpaka injini ishuke.

Siku moja nikiwa Kibarani nilinusa petroli, nikasema labda ni lori lililo mbele. Nilipofika nyumbani nikakuta sakafu ya injini imelowa. Tangu siku hiyo nikinusa petroli nasimama kando, nazima, nafungua nyuma. Sijawahi kujuta kusimama.

Kizimamoto cha unga kiwe karibu na dereva au mlangoni, kisikae nyuma kwenye injini. Na kwa moto wa injini usikimbilie ndoo ya maji. Kasha la injini hii ni la magnesi, na magnesi ikishawaka, maji yanaiongezea moto. Watoe watu kwanza.

Breki zangu zinazama asubuhi. Ni nini?

Mwite fundi leo, usiliendeshe. Mara nyingi ni mpira wa masta silinda au wa silinda ya gurudumu. Ila nikuongezee la pwani: mafuta ya breki hunywa unyevu kutoka hewani, na hewa yetu ni nzito. Maji hayo yanaleta kutu ndani ya silinda, na kwenye mteremko mrefu yanachemka, kanyagio linakuwa laini kama sponji. Yabadilishe yote kila mwaka.

Matairi pia yana umri. Tazama tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la kulala hutembea kidogo, kwa hiyo tairi linazeeka kabla halijaisha meno. Saizi ya 185 R14 yenye herufi C inafaa, na hupatikana kwa sababu pikapu huzitumia.

Spea napata wapi?

Za injini ya 1600 nyingi ni zilezile za Beetle, kwa hiyo uliza za Beetle na mlango utafunguka. Zaidi ya hapo, Afrika Kusini, Brazil, Ujerumani na Uingereza bado zinauza, ila ukiagiza hesabu usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16 kabla hujafurahia bei. Agiza kwa pamoja na wenzako.

Lakini usidharau mikono ya hapa. Waya wa klachi, bushi, ekzosi, bawaba, vyote vimewahi kutengenezwa na mafundi wa jua kali nikiwa nimesimama pembeni. Peleka kilichovunjika pamoja na kizima cha kulinganisha. Usiondoke.

Nimeshauriwa niweke injini ya Toyota. Niweke?

Mimi nasema usiweke. Utahitaji rejeta, mabomba ya maji hadi mbele, kiunganishi cha gia boksi, na kibali na mabadiliko ya logbuku. Breki zitabaki za farasi 50. Nimeona magari mawili yaliyoanza safari hiyo, yote yamekaa juu ya matofali. Jenga upya injini iliyopo.

Nataka friji na feni. Betri itahimili?

Weka betri ya pili ya nyumba, mbali na ile ya kuwashia, na relei ya kuzitenganisha injini ikizima. La sivyo utaamka Watamu na gari bubu.

Kisha piga hesabu. Betri ya kawaida ya ampea-saa 100 usiitumie zaidi ya nusu, yaani 50. Feni ndogo ya volti 12 inakula kama ampea 1.5, saa nane za usingizi ni 12. Taa za LED hazina uzito. Friji ya kompresa kwenye joto letu inaweza kula 50 hadi 70 kwa siku peke yake. Paneli ya jua ya wati 100 juu ya paa, kwa jua la kawaida la pwani, inarudisha kama 30. Umeona pengo lilipo. Ukitaka friji weka wati 200 na betri kubwa zaidi, au fanya kama mimi: feni, taa, na sanduku la barafu. Barafu inauzwa kila penye wavuvi. Feni ndiyo usiyoweza kuikosa. Usiku wa Machi bila upepo, kitanda cha juu ni tanuri.

Dainamo za zamani hazichaji lolote la maana injini ikinguruma taratibu, kwa hiyo usitegemee foleni ya feri kukujazia betri.

Kupika ndani kwa gesi ni salama?

Ni salama ukiiheshimu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni, inajikusanya chini ya kitanda, pua yako iko juu haijui. Kabati la mtungi liwe na tundu chini linalotoka nje ya gari. Mtungi wa kilo 3 unatosha safari ya wiki. Kila safari pakaza povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, funga. Pika mlango ukiwa wazi, na kamwe usiache jiko likiwaka ili kufukuza mbu. Moshi usio na harufu umeua watu waliolala.

Turubai la paa limeoza na godoro linanuka ukungu.

Turubai la paa mpelekee fundi wa matanga au mshonaji wa turubai za malori, umpe la zamani kama kielelezo. Chagua la pamba nene. La plastiki halipumui, na asubuhi utaoga jasho lako mwenyewe. Usilifunge paa turubai likiwa bichi. Ukilazimika kuondoka na mvua, lifungue tena ukifika, hata kama umechoka.

Godoro liinue juu ya chaga ili hewa ipite chini yake. Makabati, ukijenga upya, tumia plaiwudi ya mashua na skrubu zisizoshika kutu. Mapazia yangu ni ya kikoi: yanakauka upesi na hayafifii haraka.

Nalala wapi?

Mahali penye mwenyewe. Kambi na nyumba za wageni za Tiwi, Diani, Kilifi na Watamu nyingi hukubali gari uani ukiomba kwa adabu na kulipa. Kambi za KWS, shirika la wanyamapori, zipo Shimba Hills na Tsavo Mashariki, ambako lango la Buchuma ndilo la jirani kwa atokaye Mombasa. Ukiwa Tsavo, machungwa na ndizi visilale garini. Tembo ananusa, na bati la Kombi kwake ni karatasi. Diani ni tumbili, nao wanajua kufungua dirisha la kuteleza.

Mchangani usishuke. Kombi inasukumwa na magurudumu ya nyuma mawili tu, na wakati wa bamvua maji hapa hupanda na kushuka karibu mita 4. Pale palipokuwa pakavu ulipolala patakuwa bahari alfajiri.

Likoni nipande feri au nizunguke?

Ukiwa na mzigo, zunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Feri yenyewe haina shida, ila mteremko wa kuingilia: mkia wa Kombi ni mrefu na ekzosi iko chini, huchota sakafu. Klachi nayo inateseka kwenye foleni. Ukipanda, ingia taratibu kwa gia ya kwanza, vuta breki ya mkono, na osha chini ya gari siku hiyohiyo.

Bima je?

Ya mtu wa tatu ni lazima kisheria. Ya kina, kampuni nyingi husita kwa gari la umri huu. Nenda na ripoti ya mthamini, picha na risiti za kazi zote ulizofanya. Wakikupa thamani ya gari kuukuu la kawaida, kataa, ujaribu kwingine.

Nasafiri kikazi Oman miezi minne. Niiachaje?

Ioshe kwa maji matamu na ikauke siku mbili milango ikiwa wazi. Jaza tangi la petroli pomoni, ili pasibaki nafasi ya hewa yenye unyevu juu yake. Badilisha oili kabla ya kuondoka, kwa sababu iliyotumika ina asidi ya kukaa ndani ya injini wakati wote huo. Tia upepo wa ziada kwenye matairi, weka vikinga-gurudumu na uache breki ya mkono ikiwa huru, isije ikashikana na ngoma. Fungua waya hasi wa betri. Friji, kama ipo, iache mlango wazi. Madirisha yenye wavu yaache na upenyo, na ndani weka makaa makavu kwenye bakuli mbili tatu, yananyonya unyevu.

Ufunguo mwachie nduguyo unayemwamini, si mtoto wa jirani. Mwambie kila wiki mbili aunge betri, aiwashe, aiendeshe mpaka Mtwapa na kurudi, hadi oili ipate moto kamili. Kuiwasha dakika tano uani na kuizima kunaacha maji ndani ya ekzosi na ndani ya oili, afadhali asingeigusa. Na akirudi Mtwapa, aioshe chini.